Wepesi wa Viendeshi vya Hifadhidata na Umbali wa Pwani ya Kilwa na Lindi

Wachunguzi wa lugha siku hizi huziweka kazi zao katika hifadhidata: orodha za maneno, matini za tenzi, na picha za miswada ya kale. Lakini msomaji aliyeko Kilwa Masoko, atakapo ubeti fulani kwa njia ya wavuti, haifikii hifadhidata kwa mkono wake mwenyewe. Ombi lake hupokewa na programu ya wavuti, nayo programu hiyo, kwa kuwa haijui lugha ya ndani ya hifadhidata, humtuma mjumbe. Mjumbe huyo ndiye aitwaye kiendeshi. Jina lenyewe halikumfaa sana, kwa maana haendeshi kitu chochote. Kazi yake ni ya tarishi na mkalimani pamoja. Hulichukua ulizo, hulitafsiri, hulipeleka, kisha hurudi na jibu. Walakini neno limekwisha kuenea, nasi twalitumia.

Viendeshi ni vingi. ODBC ilitolewa na Microsoft mwaka 1992, na JDBC ya lugha ya Java ilifuata mwaka 1997. Kwa wale waandikao programu katika PHP, kiendeshi cha zamani cha MySQL kiliondolewa katika toleo la 7.0 la mwaka 2015, na mahali pake hutumika mysqli au PDO. Mafundi hupenda sana kuvishindanisha viendeshi hivi. Aghalabu huiweka programu na hifadhidata katika kompyuta moja, hurudia ulizo lile lile mara maelfu, kisha huhesabu sekunde. Kipimo hicho kina haki yake, kwani huonyesha kazi ambayo kompyuta yenyewe huifanya katika kufunga na kufungua mizigo. Lakini kwa mtu wa pwani ya kusini kinaficha jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni idadi ya safari.

Na tuhesabu. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam kwa njia ya barabara ni kiasi cha kilomita 450. Mwanga ndani ya mkongo wa mawasiliano hwenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Basi ikiwa programu iko Lindi na hifadhidata iko Dar es Salaam, na mkongo ukifuata barabara, kwenda na kurudi kwahitaji milisekunde 4.5 kwa uchache, hata pasipokuwa na mtambo wowote wa kuchelewesha njiani. Ikiwa hifadhidata iko Ulaya, na mkongo una urefu wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 100. Hakuna kiendeshi kiwezacho kuupunguza muda huo.

Chukua sasa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, uliochapishwa pamoja na tafsiri ya Whiteley mwaka 1957 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Utenzi huo una beti zaidi ya 300. Tuseme 300 ili hesabu iwe nyepesi, na kila ubeti uwe katika mstari wake wa jedwali. Programu iliyoandikwa kwa uvivu huuliza ubeti wa kwanza, hungoja jibu, huuliza wa pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Kati ya Lindi na Dar es Salaam safari hizo 300 hula sekunde 1.35, kati ya Lindi na Ulaya hula sekunde 30. Iliyoandikwa kwa busara huomba utenzi wote kwa ulizo moja. Sasa kiendeshi kilichoshinda mashindano ya maabara, hata kikiokoa sehemu ya kumi ya milisekunde kwa kila ulizo, katika beti zote 300 kimeokoa milisekunde 30 tu. Faida hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara ya safari.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba viendeshi vyote ni sawa. Hutofautiana, na tofauti yenyewe mara nyingi imo katika idadi hiyo hiyo ya safari. PDO, ikitumiwa na MySQL, kwa desturi huigiza maulizo yaliyoandaliwa: huzitia thamani ndani ya sentensi yenyewe na kuituma mara moja. Mysqli, ulizo likiandaliwa, huituma kwanza sentensi tupu, hungoja, kisha huzituma thamani. Safari ni mbili badala ya moja, ingawa ulizo likirudiwa mara nyingi maandalizi ya kwanza hayarudiwi. Kadhalika kiendeshi cha JDBC cha PostgreSQL, kisipoelekezwa vingine, huleta mistari yote ya jibu kwa pamoja, na kile cha Oracle kwa desturi yake ya miaka mingi huleta mistari 10 kwa safari. Utenzi wetu wa beti 300 kwa huyu wa pili ni safari 30. Lakini mtu akiomba kamusi nzima, yule wa kwanza aweza kuijaza kumbukumbu ya kompyuta hata ikashindwa kazi. Desturi zote mbili zaweza kubadilishwa. Kwa hiyo apimaye bila kugusa mipangilio hapimi wepesi wa kiendeshi; apima mazoea ya waliokiunda.

Liko jambo jingine, na kwetu sisi wenye kushughulika na matini ni zito zaidi. Tarikh ya Kilwa kwa Kiarabu imetufikia kwa nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877, ambayo sasa imo katika Maktaba ya Uingereza. Tuseme matini yake imo katika MySQL, ikiwa imehifadhiwa vizuri. Kabla ya toleo la 8.0 la mwaka 2018, MySQL kwa desturi ilitumia herufi za Kilatini za Ulaya Magharibi. Kiendeshi kikifungua njia kwa mpangilio huo, kila herufi ya Kiarabu hugeuzwa kuwa alama ya kuuliza. Tena, kwa kuwa alama ya kuuliza huchukua baiti moja, na herufi ya Kiarabu katika UTF-8 kwa kawaida huchukua baiti mbili, mzigo ulioharibika ni mwepesi kuliko ulio mzima! Mpimaji ahesabuye sekunde tu atamsifu mjumbe aliyeitupa barua njiani.

Hatari haiko kwa Kilatini peke yake. Waandishi wengine wa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu huiandika sauti ya *v* kwa fa yenye nukta tatu. Mpangilio wa zamani wa Windows uitwao 1256 una herufi za *p* na *ch* za Kiajemi, lakini fa hiyo haumo. Matini yaweza basi kuonekana salama ukurasa mzima, ila kila *v* imepotea. Kwa hiyo jaribio la kiendeshi lisianze kwa saa. Lianze kwa kulinganisha herufi zilizotumwa na zilizorudi.

Yafaa pia kupima kiendeshi siku ya shida. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya bahari ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika kwa siku kadhaa. Viendeshi vingine, kama kile cha JDBC cha MySQL, visipowekewa kikomo husubiri jibu bila mwisho. Maombi hurundikana nyuma yao, hata kurasa zisizohitaji hifadhidata hiyo zikasimama.

Kwa tovuti itakayosomwa Kilwa, Kivinje na Lindi, mpango ulio bora kwa maoni yangu ni kuiweka programu karibu na hifadhidata yake huko Dar es Salaam, isafiri kwenda kusini kurasa iliyokwisha kutengenezwa, na njia zilizofunguliwa zitunzwe wazi badala ya kufunguliwa upya kwa kila ombi. Hapo safari ya kiendeshi haifiki milisekunde moja, na kile kipimo cha maabara tulichokitilia shaka hurudishiwa haki yake.