Bunge Lililojificha Lilliput

Wengi hulichukulia jarida kuwa gazeti lililoongezewa picha na karatasi nzuri, na dhana hiyo huwapotosha, kwa kuwa gazeti hutengenezwa lisomwe siku ileile, ilhali jarida tangu awali lilikusudiwa kutunzwa. Ijapokuwa majarida ya wanazuoni yalikwisha kuanza Paris na London mwaka 1665, aliyelifikisha jarida kwa msomaji wa kawaida ni Edward Cave, mpiga chapa wa London, aliyetoa toleo la kwanza la Gentleman's Magazine Januari 1731 kwa bei ya peni sita. Cave, aliyewahi kufanya kazi posta, ambako magazeti ya kila mji yalipita mikononi mwake, aliyachuja na kuyafupisha kila mwezi, na kwa kila mwaka akatoa faharasa, yaani orodha ya mada na kurasa zake, ili matoleo yote yajalidiwe kuwa kitabu kimoja.

Werevu wake ulidhihirika mwaka 1738, Bunge la Uingereza liliposisitiza marufuku ya kuchapisha mijadala yake. Cave aliihamishia mijadala hiyo Lilliput, nchi ya vijitu iliyobuniwa na Jonathan Swift mwaka 1726, akidai kwamba habari zimeletwa na mjukuu wa Gulliver, msafiri wa hadithi hiyo ya Swift. Waziri mkuu Walpole alipanguliwa herufi akawa Walelop, wabunge wa kuchaguliwa wakaitwa Clinab, na makabaila Hurgo. Waliotumwa kusikiliza walirudi na majina ya wasemaji na muhtasari wa hoja tu, kisha mwandishi Samuel Johnson, ambaye kwa kauli yake mwenyewe aliingia bungeni mara moja tu, akazitunga hotuba nzima chumbani mwake. Hotuba mashuhuri ya mwaka 1741, ambamo mbunge William Pitt anajitetea dhidi ya shutuma kwamba ni kijana mno, ni maneno ya Johnson. Alipotambua kuwa watu waliziamini kama maneno halisi, aliacha kuzitunga, na uamuzi huo wastahili heshima kuliko ufasaha wa hotuba zenyewe.

Hata jarida lililokusudiwa kudumu halikusalimika, maana wajalidi waliyatupa majalada ya karatasi pamoja na matangazo yaliyochapwa juu yake, wakidhani ni takataka. Uzembe huohuo uko Afrika Mashariki, ambako majarida ya Kiswahili, kuanzia Mambo Leo iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1923, yalistahili kujalidiwa na kuwekewa faharasa katika kila maktaba ya mkoa, lakini majarida ya zamani bado yanauzwa kwa kilo na kuishia kufungia karanga.

Thamani ya kinachopotea hivyo huonekana katika juzuu za Cave zilizosalia, ambazo kwa mwanahistoria, mbali na mijadala ya Bunge, ni hazina ya mambo mengine mengi: bei za nafaka, ndoa, vifo, waliofilisika, vitabu vipya, mashairi.