Kufundisha Riwaya ya Kusisimua: Swali la Uaminifu katika The Third Man

Kwa muda mrefu riwaya ya kusisimua imekuwa mgeni asiyekaribishwa darasani. Mwanafunzi huisoma chini ya dawati, mwalimu humnyang'anya, na mazungumzo hukomea hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba riwaya za aina hiyo zaweza kubeba somo zito la fasihi, mradi mwalimu aache kuuliza "nani muuaji?" na aulize ni deni gani rafiki analo kwa rafiki.

Wasomaji wa Kiswahili wamemzoea Bwana Msa, ambaye Muhammed Said Abdulla alimtoa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Huyo hufumbua fumbo kwa utulivu wa akili. Moyo wake haumo hatarini. Katika The Third Man ya Mwingereza Graham Greene, iliyochapishwa mwaka 1950 baada ya filamu yake kuonyeshwa mwaka 1949, mambo ni kinyume. Anayechunguza ni rafiki wa yule anayechunguzwa, na kila anachokigundua kinamuumiza.

Mahali ni Vienna, baada ya Vita Kuu ya Pili, mji uliogawanywa kati ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti. Rollo Martins, mtunzi wa vitabu vya bei rahisi, anaitwa huko na Harry Lime, rafiki yake tangu shuleni. Anafika na kukuta watu wako mazikoni. Afisa wa polisi wa Kiingereza, Calloway, anamwambia kwamba Lime alikuwa mhalifu. Martins anakasirika, anaapa kulisafisha jina la mwenzake, na upelelezi unaanza. Baadaye anagundua kwamba Lime yu hai. Aliiba penisilini iliyokuwa ikitolewa kwa hospitali za kijeshi tu, akaizimua na kuiuza. Miongoni mwa walioathirika ni watoto waliougua homa ya uti wa mgongo: wengine walikufa, wengine wakaharibikiwa na akili.

Hapa wanafunzi watakimbilia kusema kwamba Lime ni mwovu, basi na akamatwe. Jibu hilo ni sahihi, lakini darasa halijajifunza kitu. Yafaa mwalimu awarudishe mwanzoni, penye kumbukumbu za shule ambazo msomaji mwenye haraka huziruka. Lime alikuwa amemtangulia Martins kwa mwaka mmoja na alizijua njia zote. Lime ndiye aliyebuni hila. Aliyekamatwa siku zote ni Martins. Calloway anadokeza kwamba mpango huo ulimfaa sana Lime, na Martins hapendi kuusikia udokezi huo. Ukisoma ukurasa huo mara ya kwanza, waona utundu wa wavulana waliokuwa chanda na pete. Ukiusoma tena baada ya habari za penisilini, waona mtu aliyejifunza mapema kwamba hasara yaweza kubebeshwa mwingine. Je, Lime alibadilika, au Martins hakuwahi kumjua? Kipindi kizima chaweza kutumika kwa swali hilo, na hakitapotea.

Mwalimu ajihadhari na nafasi yake mwenyewe. Katika shule ya bweni, kumtaja mwenzako mbele ya mwalimu wa zamu ni jambo linalokumbukwa kwa miaka. Wanafunzi wanapojadili kama Martins atamsaliti rafiki yake, anayewasikiliza ni yule yule ambaye wao huletewa mashtaka yao. Kwa maneno mengine, mwalimu amekalia kiti cha Calloway. Akihubiri, atapewa majibu anayoyataka, na hakuna atakayesema kweli. Kwa sababu hiyo asiombe mifano ya bwenini. Heri aangalie Calloway anavyofaulu: Martins habadiliki kwa kuamriwa, bali kwa kuwekewa ushahidi mbele yake.

Wanafunzi nao wapewe ushahidi, wapime. Wasome mazungumzo yaliyofanyika juu ya gurudumu kubwa la pembea, ambapo Lime anawaonyesha watu walio chini kama vitone, na kumuuliza mwenzake kama kweli angesikitika kitone kimoja kikikoma, ikiwa kila kimoja kingemletea pauni 20,000. Kisha wamtazame Anna, mpenzi wa Lime, ambaye hati za bandia alizopatiwa na Lime ndizo zilizomkinga. Yeye anayajua yote ayajuayo Martins, na bado hakubali kumgeuka. Lisiwepo shinikizo la kumlaumu Anna. Kwa maoni yangu, yeye ndiye mhusika mgumu kuliko wote, na darasa lisilomwonea taabu halijaisoma riwaya.

Martins anakubali kuwa chambo, na msako unaishia katika mifereji ya maji machafu chini ya mji, ambako anamuua Lime kwa mkono wake.

Kwa zoezi la kuandika, yatumike mazishi ya pili, ya kweli safari hii. Katika kitabu, Martins anamfuata Anna na wanaondoka pamoja, bega kwa bega. Katika filamu, mwelekezi Carol Reed alimfanya Anna ampite Martins bila kumtazama. Greene mwenyewe alikiri baadaye kwamba Reed ndiye aliyekuwa na haki. Kila mwanafunzi achague mwisho mmoja na kuutetea kwa kurasa mbili, akitumia tu yale ambayo Anna aliyasema na kuyatenda kabla ya hapo.