Jaketi okozi huvaliwa, halikaliwi

Mkoa wa Singida hauna bahari, lakini maji unayo. Mjini kuna maziwa Singidani na Kindai, na wilayani Iramba kuna Kitangiri, lenye wavuvi wengi. Mtumbwi ukifungwa injini safari huwa fupi, lakini hatari huongezeka.

Watu wengi hudhani anayezama hupiga kelele. Mara nyingi hawezi, maana anahangaika kupata pumzi. Ubongo ukikosa hewa, dakika chache tu zinatosha kuuharibu. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halitavaliwa ndani ya muda huo.

Mzazi, kabla ya mtoto kupanda, mvalishe jaketi la ukubwa wake na ufunge kamba zote. Kisha livute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno na litamvuka majini.

Nahodha naye ajifunge mkononi au mguuni ile kamba fupi ya kuzimia injini. Akianguka, injini huzimika papo hapo. Bila kamba hiyo, boti huweza kuzunguka yenyewe na kumrudia, na pangaboi hukata nyama na mfupa. Kwa sababu hiyo, zima injini kabla ya kumsogelea aliye majini. Petroli ijazwe nchi kavu, injini ikiwa imezimwa, abiria wakiwa wameshuka na pasiwepo sigara. Pombe isubiri nyumbani.

Ajali ikitokea, usimning'inize mtoto kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili kutoa maji. Unapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua na umpulizie pumzi 5 mdomoni. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2. Endelea hivyo huku mwenzako akitafuta usafiri.

Hata akizinduka, mpeleke kituo cha afya. Anayekohoa, kuhema haraka au kusinzia kupita kawaida anaweza kuzidiwa saa chache baadaye.

Nahodha akikuambia jaketi ni la woga, shuka na mwanao. Usafiri mwingine utapatikana.