Kura ya Kenya na Malori ya Isaka

Wafanyabiashara wengi wa Isaka hawana kawaida ya kufuatilia katiba za watu. Wanafuatilia bei ya dizeli, upatikanaji wa mabehewa na nauli ya lori hadi Rusumo. Hata hivyo, mwenye mzigo wa Kigali au Bujumbura ana jambo moja la kuangalia katika siasa ya Kenya: je, vyama vinapatana kugawana serikali kabla ya kura, au baada yake?

Mwaka 2007 ilikuwa baada. Kwa sheria ya wakati ule, mgombea urais alitakiwa kuwazidi wenzake kwa kura na kupata asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Hakulazimika kufikisha nusu. Matokeo yalipotangazwa Desemba 30, yakionyesha pande mbili zimekaribiana mno, nchi iliwaka. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Barabara ya kwenda Malaba ilifungwa, reli iking'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika Kampala na Kigali. Mkataba wa serikali ya mseto, ile Wakenya waliyoiita nusu mkate, ulitiwa saini Februari 28, 2008, na baraza la mawaziri 40 likatangazwa Aprili.

Wapo wanaosema balaa la Mombasa ni neema ya Isaka. Kwa kiasi fulani ni kweli. Mzigo uliokwama kule hutafuta njia ya huku: kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi bandari kavu, kisha kwa lori takriban kilomita 500 hadi Kigali. Lakini mabehewa hayazaliwi kwa wiki moja. Malori yakikimbilia mzigo wa Rwanda, nauli humpanda hata mchuuzi wa mchele wa Kahama asiyejua Malaba iko wapi.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilibadili hesabu. Sasa rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Ni vigumu chama kimoja kufika huko peke yake, hivyo mapatano yakasogezwa mbele. TNA na URP ziliungana katika Jubilee, na mwaka 2013 Uhuru Kenyatta akapita kwa asilimia 50.07. Mwaka 2022 William Ruto wa Kenya Kwanza alipata 50.49. Mwaka huohuo sheria ya vyama ilirekebishwa, ikitaka chama cha muungano kiwe kimewasilisha mkataba wake kwa Msajili miezi minne kabla ya uchaguzi. Ikawa kama pamba inayojulikana bei kabla ya msimu kufunguliwa.

Wajapani walipita njia inayofanana. Zamani jimbo moja lilitoa wabunge kadhaa, na wagombea wa chama kikubwa cha LDP walipigana wenyewe kwa wenyewe. Sheria ya 1994 ilileta majimbo 300 ya mbunge mmoja mmoja na viti 200 vya uwiano wa kura. Hapo chama kidogo cha Komeito kikawa na bidhaa ya kuuza: wafuasi wake wampe kura mgombea wa LDP jimboni, nacho kipate viti serikalini. Ushirika huo ulianza 1999 na ukadumu hadi Oktoba 2025.

Sisi tulikwenda kinyume. Marekebisho ya 13 ya Katiba, mwaka 2000, yaliondoa sharti la zaidi ya nusu kwa Rais wa Muungano. Anayeongoza ameshinda, na halazimiki kumtafuta mwenzi yeyote. Utulivu wetu tuliudhani wa kudumu, hadi uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulipotuletea umwagaji damu, intaneti kuzimwa na amri ya kutotoka nje Dar es Salaam, mahali mizigo yetu inapoanzia safari.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Zanzibar iliweka serikali ya umoja wa kitaifa katika katiba yake baada ya kura ya maoni ya Julai 31, 2010. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais ikakaa wazi hadi Desemba 2020. Kenya nako, baada ya maandamano ya vijana ya 2024, watu wa ODM waliingizwa serikalini katikati ya kipindi, na Machi 2025 vyama vya UDA na ODM vikatia saini makubaliano.

Uchaguzi ujao wa Kenya umepangwa Agosti 10, 2027. Kwa hesabu ya miezi minne, mikataba ya vyama vya muungano inapaswa kuwa mezani kwa Msajili ifikapo Aprili. Mwenye mkataba wa usafirishaji unaovuka Agosti asiupange kabla ya kuona nani amekaa na nani. Pande mbili zikilingana nguvu, vipuri, matairi na mafuta ya akiba vinunuliwe kabla ya Julai, na nauli ya miezi hiyo ipatanwe mapema. Wenye hisa za KCB na EABL, zinazouzwa pia katika soko la Dar es Salaam, waiwekee alama Aprili hiyohiyo.