Kikapu kinateleza kwenye shelfu? Anza na ukuta kabla ya kikapu

Shelfu za wazi, zile zisizo na milango, zimejaa kwenye nyumba za mijini kwa sababu moja kubwa: ni nafuu kuliko kabati. Fundi anapiga mbao nne tano, wewe unanunua vikapu vya plastiki, na vitu vilivyokuwa vimezagaa sakafuni vinapata pa kukaa. Nguo za mtoto huku, vitunguu kule, chaja na dawa juu kabisa.

Shida inaanza pale kikapu kinapoanza kutembea. Asubuhi kilikuwa kimegusa ukuta, jioni kinachungulia nje vidole vitatu. Siku nyingine mtu anabamiza mlango na kikapu kinatua chini.

Kama ni soksi, mtu anaokota na kuendelea na shughuli zake. Lakini kikapu cha kilo 5 kikidondoka mita moja na nusu kinafikisha mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Na mara nyingi aliye chini yake ni mtoto, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anakivuta.

Kwa nini kinateleza

Kitako cha kikapu cha plastiki ni laini, na ubao uliopakwa vanishi au rangi ya mafuta nao ni laini. Vikikutana, hakuna kinachomshika mwenzake.

Unaweza kupima hili mwenyewe bila kifaa chochote. Chukua ubao wa sentimita 30 unaofanana na wa shelfu yako, weka kikapu juu yake, kisha inua upande mmoja taratibu. Kikianza kuteleza ukiwa umeinua sentimita 6 tu, maana yake kinahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kama moja ya tano ya uzito wake ili kitoke. Yaani kikapu cha kilo 5 kinatoka kwa mvuto wa kilo 1. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza hiyo bila kutoa jasho.

Wengi hudhani dawa ni kukijaza vitu vizito. Si kweli. Rudia jaribio lile kikiwa kimejaa na utaona kinaanza kuteleza karibu pale pale, kwa sababu uzito unaokikandamiza kwenye ubao ndio huo huo unaokivuta kushuka. Unachoongeza ni maumivu tu kikishadondoka.

Halafu kuna mtikisiko. Friji ikiwaka, blenda ikisaga, mashine ya kufulia ikikamua, ubao unatetemeka kidogo, na kila mtetemeko unakiachia kikapu kwa nukta ndogo tu. Ubao ukiwa umelala kwa mbele hata kidogo, kikapu kinasogea kuelekea huko siku baada ya siku. Ndiyo maana kinaonekana kama kinatembea chenyewe usiku.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, weka pima maji juu ya ubao, kutoka ukutani kuja mbele. Shelfu inayoshikiliwa na vyuma vya pembe ukutani ndiyo hasa inayoinama mbele, kwa sababu uzito wote unaning'inia nje ya ukuta na skrubu ya juu inavutwa kila siku. Kama kile kiplastiki kinachotangulia skrubu kimeshika lipu peke yake bila kufika kwenye tofali, kitalegea tu. Hapo dawa si mpira wala gundi. Ni kutoboa upya, shimo refu zaidi, na kukaza.

Hatari ambayo wengi hawaioni

Sasa tuseme umepata mpira mzuri, ukautandika chini ya kikapu, na kweli kimetulia. Kile kikapu cha kilo 5 sasa hakisogei mpaka ubao uinuliwe sentimita 18. Kukitoa kunahitaji mvuto wa karibu kilo 4 badala ya kilo 1. Safi.

Lakini ile nguvu ya mtoto inakwenda wapi? Inahamia kwenye shelfu.

Chukua shelfu ya kusimama yenyewe, kina chake sentimita 30, uzito wake pamoja na vitu vyote kilo 25. Kikapu kipo mita moja kutoka sakafuni. Ukipiga hesabu, shelfu hiyo inaanza kuinua miguu ya nyuma ikivutwa kwa mbele kwa nguvu ya chini kidogo ya kilo 4. Ni kiasi kile kile. Zamani kikapu kingetoka peke yake kabla shelfu haijashtuka. Sasa vyote viwili vinafikia mwisho wa uvumilivu kwa pamoja, na ukiongeza kizuizi cha mbao mbele, kikapu hakitoki kabisa. Itakayokuja ni shelfu nzima.

Hii si hofu ya kubuni. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliwataka wateja wake wa Marekani warudishe makabati ya droo yapatayo milioni 29, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa nayo. Mwishoni mwa 2022 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kulazimisha makabati ya nguo yapimwe uimara wake kabla ya kuuzwa. Shelfu iliyopigwa na fundi wa mtaani haipimwi na mtu yeyote, kwa hiyo kazi hiyo ni yako.

Skrubu mbili na vipande viwili vya chuma cha pembe, juu kabisa kwenye kona za nyuma, zinatosha kwa shelfu nyingi za nyumbani. Zishike mbao nene za fremu, siyo ule ubao mwembamba wa mgongoni ambao unang'oka kama karatasi.

Umepanga na baba mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe? Kama shelfu inaweza kukaa kando ya dirisha, ifunge kwenye nondo kwa waya imara au kamba ya katani. Vitu vizito vyote vishuke ubao wa chini. Kisha sukuma kipande cha mbao cha milimita 5 hivi chini ya miguu ya mbele ili shelfu iegemee ukuta kidogo. Mteremko huo mdogo unasaidia mara mbili: shelfu inalala nyuma, na vikapu navyo vikitikiswa vinarudi ukutani badala ya kuja mbele.

Sasa kikapu chenyewe

Kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni tyubu ya zamani ya baiskeli au gari. Fundi wa pancha anaweza kukupa bure. Ioshe kwa sabuni utoe ule unga wa ndani, ikate vipande, tandika viwili chini ya kila kikapu, kimoja mbele na kimoja nyuma. Ubaya wake ni mmoja: mpira mweusi ukikaa muda mrefu kwenye ubao mweupe unaacha doa lisilotoka. Kwa shelfu nyeupe, nunua silikoni ya kuzibia mabomba na sinki, dondoshea matone manne sita kwenye kitako cha kikapu, kiache kimepinduliwa siku nzima. Ikikauka inakuwa vifundo laini vinavyong'ang'ania ubao.

Jikoni, hata mpira mzuri unashindwa na mafuta. Mvuke wa kukaangia unapanda, unatua kwenye ubao, unachanganyika na vumbi, na kikapu kinaanza tena safari zake. Kitambaa chenye maji ya sabuni kila baada ya wiki chache kinarudisha mshiko wote.

Vikapu vya ukindu na vyondo ni habari nyingine. Vitako vyake ni vya mviringo, vinagusa ubao sehemu chache, na silikoni haishiki vizuri kwenye ususi. Hivyo shonea vipande vya tyubu kwa sindano na uzi mnene, na weka kipande cha plaiwudi ndani ili kitako kikae bapa.

Kwa shelfu ambayo tayari imefungwa ukutani, kizuizi cha mbele ndicho kinachotuliza mambo zaidi. Ubao mwembamba uliosimama sentimita 2 juu ya ukingo unatosha. Ni ujanja wa zamani wa melini, ambako meza na shelfu za jikoni hupigwa ukingo ulioinuka ili sahani zisimwagike bahari ikichafuka. Lakini usiuweke juu ya usawa wa mabega. Kule juu, kunyanyua kikapu kizito ili kivuke kizuizi huku huoni ndani ni kujitafutia balaa.

Kule juu tumia kamba. Funga upande mmoja nyuma ya kikapu na mwingine kwenye skrubu mgongoni mwa shelfu, kwenye mbao nene ya fremu. Urefu wake uruhusu kikapu kitoke chini ya nusu ya kina chake. Kikivuka nusu kinapinduka, na vitu vizito vikiwa upande wa mbele kinapinduka hata kabla ya hapo. Kwa hiyo vizito vikae nyuma.

Dawa za binadamu, sumu ya mende na mafuta ya taa havihusiki na habari hii ya mipira na kamba. Hivyo vinataka mlango na kufuli.

Ukimaliza kazi, chuchumaa mpaka kichwa chako kifike usawa wa kichwa cha mtoto. Shika ukingo wa kikapu, kivute kwa chini na nje kama afanyavyo yeye, huku mkono wa pili ukiwa tayari kuzuia shelfu. Usikitazame kikapu. Tazama miguu ya nyuma ya shelfu.