Kumi na Tano za Nini?

Ndugu msomaji, siku moja ukipita mbele ya karakana hapa Likasi, inama kidogo usome namba zilizo ubavuni mwa mpira wa gari. Huenda ukakuta zimeandikwa hivi: 195/65 R15. Namba ya kwanza ni upana wa mpira kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, yaani sehemu 65 katika kila 100 za upana ule. Lakini ile 15 ya mwisho si milimita wala sentimita: ni inchi, nayo ni kipenyo cha chuma kinachovishwa mpira. Basi mpira ni mmoja, lakini umepimwa kwa vipimo vya koo mbili!

Nyumbani mwetu mambo ni yale yale. Mwashi hupima ukuta kwa meta, kisha fundi wa maji huagiza bomba la nusu inchi. Kitambaa twanunua kwa meta, lakini kioo cha televisheni hupimwa kwa inchi, toka pembe hata pembe. Wenye kusema Kifaransa huiita inchi pouce, maana yake dole gumba. Zamani mwili wa mtu ndio uliokuwa kipimo, kama wazee wetu walivyopima kwa mikono na shibiri.

Vipimo hivi vilitufikiaje? Meta na kilo zilitungiwa sheria Ufaransa mwaka 1795. Tarehe 20 Mei 1875 nchi 17 zilitia sahihi mjini Paris mapatano ya meta, na Ubelgiji ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo Wabelgiji walipotawala Kongo, walikuja na meta zao. Lakini reli ya Katanga ilitoka kusini, katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Ilivuka mpaka penye Sakania, ikafika Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni futi 3 na inchi 6, yaani milimita 1,067. Reli ya kutoka Kabalo kwenda Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ilijengwa kwa nafasi ya meta moja kamili. Tofauti ni milimita 67 tu, haifiki upana wa kiganja. Hata hivyo treni za Katanga hazikuweza kupita juu yake mpaka ilipopanuliwa katika miaka ya 1950.

Mpaka hapa twaweza kucheka. Lakini kuna mahali ambapo kuchanganya vipimo humnyang'anya mtu jasho lake. Sisi wa Likasi twaishi kwa shaba na kobalti. Katika soko la London bei ya shaba hutajwa kwa tani, bali bei ya kobalti mara nyingi hutajwa kwa ratili ya Kiingereza. Kilo moja ni ratili 2 na zaidi kidogo, yaani 2.2046. Tuseme, kwa mfano tu, mtu amesikia kwamba kobalti ni dola 15. Akidhani ni bei ya kilo, amekosea sana, kwa maana kilo ni dola 33 na senti kadhaa. Kwa neno moja asilouliza, amepoteza zaidi ya nusu ya mali. Tena akumbuke kwamba bei hiyo ni ya kobalti iliyokwisha kusafishwa, si ya gunia la mawe kutoka shimoni.

Pana mtego mwingine. Ratili kwa Kifaransa huitwa livre. Lakini Ufaransa na Ubelgiji, watu sokoni wakisema livre hufikiri nusu kilo, yaani gramu 500. Ratili ya Kiingereza ni gramu 454 hivi. Jina ni moja, uzito ni mbalimbali.

Wala msidhani kwamba kosa hili ni la wasiosoma. Tarehe 23 Julai 1983, ndege kubwa ya shirika la Air Canada iliruka ikihitaji kilo 22,300 za mafuta. Wakati ule Kanada ilikuwa inahama kutoka vipimo vya Kiingereza kwenda kilo na lita. Waliofanya hesabu walitumia namba ya ratili, na ndege ikaruka na ratili 22,300, yaani chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa. Injini zote mbili zilizimika angani. Rubani aliishusha ndege ikielea bila nguvu mpaka uwanja wa zamani wa Gimli, na watu wote 69 wakapona. Hesabu yao ya kuzidisha na kugawanya haikuwa na kosa. Kilichokosewa ni jina la kipimo.

Basi, enyi wanafunzi, mwalimu anapokata alama kwa sababu mmeandika 15 bila kusema kilo au meta, msinung'unike. Andikeni ndani ya jalada la daftari mambo haya matatu: inchi ni milimita 25.4, futi ni sentimita 30.48, ratili ni gramu 454 hivi. Nanyi wazazi, mkienda kuuza au kununua, mtu akiwatajia namba tupu, msione haya kumwuliza kwanza: "Za nini?"