Hati za Usanidi: Programu Mpya Kwenye Kompyuta za Zamani



Parokia nyingi hutumia kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine. Hufanya kazi vizuri hadi siku programu mpya inapokataa kuingia. Wakati mwingine mashine haina kosa. Kosa limo katika hati ya usanidi.

Hati ya usanidi ni nini?
Programu huria hutolewa pamoja na msimbo wake, ambao unaweza kujengwa upya kwa ajili ya kompyuta za aina nyingi. Kabla ya ujenzi, hati hii huikagua mashine, kama fundi apimavyo kiwanja kabla ya kuchimba msingi. Chombo maarufu cha kutengeneza hati hizo ni Autoconf, kilichoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991.

Ukaguzi ulio bora hauulizi jina la mfumo wala umri wake. Huandika programu ndogo ya majaribio na kuona kama inakubali. Ikikubali, kazi inaendelea. Ikikataa, hutafutwa njia nyingine. Kwa hiyo mashine ya zamani haikataliwi kwa sababu ya uzee tu.

Matatizo hutoka wapi?
Vyombo vyenyewe hubadilika. Autoconf 2.50 ya mwaka 2001 ilikuwa na masharti makali kuliko 2.13 ya mwaka 1999, na hati nyingi zilivunjika. Baadhi ya miradi ilibaki na 2.13 kwa miaka mingi. Baadaye toleo 2.69 lilitoka mwaka 2012, na 2.70 likaja mwishoni mwa 2020. Muda wote huo watu walikuwa wamezoea mambo ambayo toleo jipya halikuyavumilia.

Tatizo lipo upande wa pili pia. Hati isiyotunzwa huweza kushindwa kuitambua mashine mpya, kwa kuwa orodha yake ya aina za mashine ni ya zamani.

Mafundi wafanye nini?
1. Waandike toleo la chini kabisa linalohitajika kweli, si lile jipya walilo nalo.
2. Watoe hati ikiwa tayari, ili mpokeaji asihitaji kuwa na Autoconf.
3. Wajaribu kila badiliko kwenye mfumo wa zamani na mpya pia.

Kamati na wafadhili
Kamati inapoagiza programu, iulize: Je, imejaribiwa kwenye kompyuta yetu iliyo ya zamani kuliko zote? Nani ataitunza baada ya mradi kwisha? Nanyi ndugu wafadhili, tunaomba bajeti iwe na fungu la matunzo, si la ununuzi peke yake. Kompyuta isiyoweza kupokea marekebisho ya usalama huhatarisha kumbukumbu za waamini na hesabu za parokia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.